Hatua Tisini na Tisa Kasoro Kidogo

Ukienda kukodi shamba la mpunga kwa msimu, hapa Mlabani au ng'ambo ya pili ya mto Kilombero, hakuna atakayekutajia mita za mraba 4,047. Utaambiwa eka ni hatua sabini kwa sabini, basi. Anatembea mtu, mwingine anahesabu, kona inachomekwa mti, wanageuka. Ubishi ukitokea huwa ni wa miguu tu: hatua za nani? Mwenye shamba anapenda apime mfupi, mkodishaji anapenda apime mrefu. Ila sabini yenyewe haina mjadala.

Sasa waambie wakate kona kwa kona. Watapata hatua tisini na tisa. Sabini mara sabini ni 4,900, ukizidisha kwa mbili ni 9,800, na kwa kanuni ya Pithagorasi hiyo ndiyo ilipaswa kuwa tisini na tisa mara tisini na tisa. Lakini 99 mara 99 ni 9,801. Imezidi moja. Kwa hatua ya kawaida ya mtu mzima, kosa la urefu halifiki nusu sentimita. Hakuna mkulima Kilombero nzima, hakuna na mpima ardhi mwenye akili timamu, atakayegombana na mtu kwa nusu sentimita kwenye tope.

Kuna watu waliogombana, lakini. Waligombana kwa miaka mia na zaidi, wakavunja urafiki, wakafukuzana kwenye bodi za majarida, na mmoja wao, ambaye nitafika kwake, alikuwa mshairi na mtoto wa mshairi. Ndiyo maana nadhani habari hii ina haki ya kukaa kwenye ukurasa wa fasihi.

Tuanze na lile moja lililozidi. Mtu anaweza kusema tatizo ni kipimo: tutumie hatua ndogo zaidi, tutumie shibiri, tutumie unene wa unywele, itafika mahali kona kwa kona itatoa namba nzima. Haitafika. Uthibitisho wake ni mfupi na anayejua shufwa na witiri anaumudu. Tuseme upande una vipande fulani kamili, na ulalo una vipande fulani kamili, na tumeshazipunguza namba hizo mbili mpaka hazigawanyiki tena kwa pamoja. Ulalo ukijizidisha ni mara mbili ya upande ukijizidisha, kwa hiyo ulalo ni shufwa. Kama ni shufwa, una nusu kamili, na ukiiweka nusu hiyo kwenye hesabu utakuta upande nao ni shufwa. Lakini tulisema hazigawanyiki tena kwa pamoja, na hapa zote zinagawanyika kwa mbili. Basi hakuna namba kama hizo, hata ukiwa na kipimo kidogo namna gani.

Unachoweza kupata ni kusogea. Chukua upande 70 na ulalo 99. Vijumlishe, unapata 169, huo uwe upande mpya. Jumlisha ulalo wa zamani na pande mbili za zamani, unapata 239, huo uwe ulalo mpya. Jaribu: 239 mara 239 ni 57,121, na mara mbili ya 169 mara 169 ni 57,122. Safari hii imepungua moja. Rudia, utapata 408 na 577, na itazidi moja. Daima ni moja, juu au chini, huku shamba likizidi kuwa kubwa na ile moja ikizidi kuwa si kitu. Wagiriki waliijua kanuni hii. Theon wa Smyrna aliiandika karne ya 2. Ukianza na 1 na 1 na kuifuata, utapita 3 juu ya 2, 7 juu ya 5, 17 juu ya 12, 41 juu ya 29, kisha unatua kwenye eka yetu. Aliyechagua sabini hakuwa na habari ya Theon, bila shaka alitaka tu namba rahisi ya kukumbuka, lakini hebu uone ilivyoangukia.

Swali ni hili: kile tunachokisogelea bila kukifikia kipo? Kipo kama namba, kimetulia mahali pake kinatusubiri? Au kilichopo ni ile kanuni ya kusogea, na hicho kingine ni jina tu?

Kwa Kiswahili jibu limeshatolewa kwenye jina. Kipeuo cha pili cha 2, pai, na wenzao wote wasio na idadi, wakichanganywa na namba nzima na sehemu, tunaviita namba halisi. Halisi, kama asali halisi isiyochakachuliwa. Mtoto aliyemaliza darasa la saba akihesabu kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza, na katika mtaala tuliosomeshwa wengi wetu mada hiyo inamkuta mwaka huohuo, kwa Kiingereza, ubaoni, na mstari wenye mishale miwili iendayo pasipo mwisho. Anakariri. Hakuna anayemwambia kwamba mstari ule ulipingwa na watu wenye akili nyingi kuliko waandishi wa kitabu chake.

Mstari ule una tarehe ya kuzaliwa, jambo ambalo ni nadra kwa wazo. Richard Dedekind, mwalimu kijana wa hesabu mjini Zürich, aliandika mwenyewe kwamba lilimjia tarehe 24 Novemba 1858. Alikuwa akifundisha mada ya mabadiliko akaona aibu kuegemea michoro. Wazo lake: kata sehemu zote (nusu, robo, 99 juu ya 70, zote) katika mafungu mawili, fungu la chini na fungu la juu. Kila mkato ni namba. Mkato wa zile ambazo zikijizidisha hazifiki 2 kwa upande mmoja, na zile zinazopita 2 kwa upande mwingine, huo ndio kipeuo cha pili cha 2. Alikaa nalo miaka kumi na minne, akalichapisha 1872. (Hapa Ifakara tumezoea Waswisi, wa misheni na wa maabara aliyoianzisha Rudolf Geigy mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Ila hao wa maabara walitoka Basel. Zürich inarudi mara mbili zaidi katika habari hii, na ni sadfa tu.)

Angalia ujanja ulipo. Huwezi kuyatazama mafungu yale, hayana mwisho. Dedekind anakuomba uyachukue kana kwamba yameshakusanywa yote, kama magunia ghalani. Miaka miwili baadaye Georg Cantor akaenda mbali zaidi: mwaka 1874 alionesha kwamba namba halisi haziwezi kupangwa foleni. Ukizipa namba moja, mbili, tatu, hata foleni ikiendelea milele, kuna zitakazobaki nje. Kwa hiyo kuna visivyo na mwisho vikubwa na vidogo.

Leopold Kronecker, aliyekuwa mwalimu wa Cantor mjini Berlin, hakukubali. Kwake namba nzima zilitoka kwa Mungu, na mengine yote ni kazi ya mikono ya binadamu, na kazi ya mikono lazima ioneshwe ilivyofanywa. Ferdinand Lindemann alipothibitisha mwaka 1882 kwamba pai si jibu la mlinganyo wowote wa kawaida wenye namba nzima, inasimuliwa kwamba Kronecker alimsifia kazi nzuri, halafu akauliza ina faida gani wakati namba zenyewe hazipo. Cantor aliamini kuwa mzee huyu ndiye aliyemfungia milango. Alifariki Januari 1918 kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Halle. Wapo wanaolipenda simulizi la mwalimu mkatili na mwanafunzi aliyerukwa na akili. Mimi naona linapendwa kwa sababu linatuepusha na kumsikiliza Kronecker, na Kronecker alikuwa na hoja.

Hoja hiyo ilimpata msemaji wake kwa L. E. J. Brouwer wa Amsterdam. Tasnifu yake ni ya 1907, na mwaka uliofuata aliandika makala fupi kusema kanuni za mantiki hazitegemeki. Alikuwa akilenga moja hasa, ile isemayo kila jambo ama ni kweli ama si kweli, hakuna cha katikati. Kwenye gunia la mpunga kanuni hiyo inafanya kazi: ama kuna jiwe ama hakuna, mwaga uangalie. Gunia lisilo na mwisho utalimwaga lini?

Mfano wake nitaueleza kwa maneno yangu. Chukua desimali za pai, zinazoendelea bila kurudia. Tafuta mahali ambapo tarakimu 0, 1, 2 mpaka 9 zinafuatana kwa mpangilio. Sasa tunga namba. Kama mfuatano huo hautokei kamwe, namba yetu ni sifuri. Ukitokea mara ya kwanza katika nafasi ya shufwa, namba yetu ni chanya, ndogo sana: moja inayokaa katika nafasi hiyohiyo ya desimali. Ukitokea nafasi ya witiri, ni hasi. Namba hii naweza kukukokotolea mpaka desimali yoyote unayotaka, kazi ni kusubiri tu. Lakini je, ni chanya, ni hasi, au ni sifuri? Vitabu vinasema kila namba halisi lazima iwe mojawapo. Brouwer anauliza: unajuaje?

Mwaka 1997 timu ya Yasumasa Kanada huko Japani, ikitumia kompyuta, iliuona mfuatano ule. Unaanzia nafasi ya 17,387,594,880. Ni shufwa, kwa hiyo namba ni chanya. Kuna waliofurahi wakadhani Brouwer ameshindwa, kumbe hakuna lililobadilika: badilisha tarakimu, tafuta sifuri elfu mfululizo, na umerudi gizani ulikokuwa.

Hermann Weyl, wakati huo profesa Zürich, mwaka 1918 alishaandika kitabu kizima akijaribu kujenga mstari wa namba bila kuazima kisichojengeka. Mwaka 1921 akajitangaza upande wa Brouwer kwa lugha ya mapinduzi. Hilo lilimuuma David Hilbert wa Göttingen, kwa sababu Weyl alikuwa mwanafunzi wake. Jibu la Hilbert lilikuwa la kisiasa kwelikweli: alichukua silaha ya mpinzani. Sawa, alisema, hoja ziwe za vitu vyenye kikomo tu, alama chache karatasini, hatua zinazohesabika. Kwa hoja hizo hizo tutathibitisha kwamba mchezo wa visivyo na mwisho hauwezi kujipinga. Tukishathibitisha, tucheze kwa amani. Mwaka 1928 ugomvi ukawa wa watu, si wa namba tena: Hilbert akamwondoa Brouwer kwenye bodi ya jarida la Mathematische Annalen, na Einstein, aliyekuwa mhariri pia, akakataa kuegemea upande wowote, akiwafananisha na vita vya vyura na panya. Miaka miwili baadaye, Septemba 1930 mjini Königsberg, kijana Kurt Gödel alisema jambo kwa sauti ndogo mkutanoni, akalichapisha 1931, na mpango wa Hilbert ukakosa miguu. Hesabu ya namba nzima haiwezi kujithibitishia kwamba haijipingi, seuze kwa zana chache kuliko zake.

Kwa hiyo nani alishinda? Kwa kura, Hilbert. Walimu walio wengi wanafundisha mstari wa Dedekind bila kupepesa macho. Lakini mwaka 1936 Alan Turing aliuliza ni namba gani zinazoweza kuandikwa na mashine inayofuata kanuni, na jibu lake linatisha ukilifikiria taratibu. Kila programu ni maandishi yenye kikomo, na maandishi yanaweza kupangwa foleni. Namba halisi, kwa Cantor, haziwezi. Basi namba halisi karibu zote hazina programu. Kipeuo cha 2 kinayo, ni ile ya 99 na 70. Pai inayo. Wengine, ambao ni wengi kupita kiasi, hakuna kanuni itakayowahi kuwatoa mmoja baada ya mwingine kwa majina. Na mwaka 1949 Ernst Specker, Zürich tena, alionesha ngazi ya sehemu za kawaida, kila moja inakokotoleka, zinapanda na hazivuki kikomo, lakini mahali zinapoelekea hapakokotoleki. Unaweza kutembea hatua zote. Pa kufikia hapana anwani.

Mimi nikisoma hapo nabaki na Errett Bishop, Mmarekani aliyechapisha mwaka 1967 kitabu cha kujenga upya sehemu kubwa ya hesabu za mabadiliko kwa masharti ya wajenzi. Kabla yake watu walidhani ukimfuata Brouwer utabaki na magofu. Bishop hakupiga kelele, alifanya kazi. Kwake ukisema kitu kipo, uoneshe cha kukitafuta kinavyopatikana. Kipeuo cha 2 kwake kipo salama, kwa sababu ile kanuni ya kusogea ndiyo namba yenyewe, na unajua kila mara umebakiza kiasi gani.

Wapo wasioridhika hata na hapo, na sasa nafika kwa mshairi.

Alexander Esenin-Volpin alizaliwa Leningrad mwaka 1924, mtoto wa Sergei Yesenin na Nadezhda Volpin, mshairi na mfasiri. Baba yake, mmoja wa washairi waliopendwa kuliko wote Urusi, alikufa mwaka uliofuata. Mtoto akasomea hesabu, akapata shahada ya uzamivu 1949, na mwaka huohuo akakamatwa. Kosa lilikuwa mashairi. Akawekwa hospitali ya akili, kisha akapelekwa uhamishoni Karaganda, akaachiwa baada ya kifo cha Stalin mwaka 1953.

Katika hesabu alikwenda mbali kuliko Kronecker. Alitilia shaka hata namba nzima. Tunasema moja, mbili, tatu, na kuendelea. Hiyo "na kuendelea" nani amehakikisha? Mwanamantiki Harvey Friedman amesimulia alivyojaribu kumbana. Alimuuliza kuhusu vipeo vya 2: 2 ipo? Ndiyo, akajibu papo hapo. 4 je? Ndiyo, baada ya kusita kidogo. 8 je? Ndiyo, baada ya kusita zaidi. Friedman akaelewa anachofanyiwa. Jibu litakuwa ndiyo siku zote, ila kwa kila namba atasubiri kwa kiasi cha namba yenyewe, na kwa 2 kipeo cha 100 hakuna kati yao atakayekuwa hai.

Tuipime kwa mpunga. Kila mtu anaijua hadithi ya ubao wa sataranji, punje moja kisha mbili kisha nne, mpaka mfalme anafilisika. Punje za vyumba vyote 64 zinazidi mavuno ya mchele ya dunia nzima kwa miaka mia tano. Punje 2 kipeo cha 100 zina uzito kuliko dunia yenyewe. Namba hiyo naiandika kwa alama chache, lakini hakuna aliyewahi wala atakayewahi kuhesabu kufika hapo. Leo Doron Zeilberger wa Marekani na Norman Wildberger wa Australia wanasema mambo ya ukoo huo, kila mmoja kwa namna yake, na wanachekwa. Mimi sifuati kundi lao. Bila "na kuendelea" sijui hata nitaanzaje kuthibitisha kwamba ulalo wa eka hauna namba kamili. Ila swali la Volpin silioni kuwa la kuchekwa.

Hasa ukijua alichofanya nalo nje ya hesabu. Mwaka 1965 waandishi wawili, Sinyavsky na Daniel, walikamatwa Moscow kwa kuchapisha nje ya nchi. Volpin hakuitisha mapinduzi. Alisoma katiba ya Usovieti, akakuta inaruhusu kesi kusikilizwa hadharani, akawaita watu uwanja wa Pushkin tarehe 5 Desemba, siku ya katiba, na dai moja: kesi iwe ya wazi, katiba iheshimiwe. Wenzake walimwona mwendawazimu, kama walivyomwona wanahesabu. Nani anasoma katiba ile kana kwamba maneno yake yana maana? Mwaka 1968 akarudishwa hospitali ya akili kwa nguvu, na wanahesabu 99 wakaweka saini barua ya kumtetea. Alihama nchi 1972, akafariki Boston mwaka 2016. Mtu huyo aliuliza swali lilelile kwa namba na kwa dola: umesema kipo, nioneshe.

Kwetu ugomvi huu ulipita juu kama ndege. Mwaka 1962 walimu na wanahesabu kutoka Afrika, Marekani na Uingereza walikusanyika Entebbe, Uganda, chini ya W. T. Martin wa chuo cha MIT, wakaandika vitabu vya hisabati mpya kwa ajili ya shule za nchi zilizokuwa zinapata uhuru. Vilianza na seti, kama mtindo wa dunia ulivyokuwa. Yaani upande ulioshinda kwa kura uliletwa darasani kama ukweli usio na historia. Wazazi hawakuelewa, walimu wengi hawakuandaliwa, na mwaka 1981 Rais Daniel arap Moi akaipiga marufuku hisabati hiyo Kenya. Tanzania nayo iliachana nayo. Mstari wa namba ukabaki.

Na chini yake, shule ya msingi, imebaki desturi ambayo Kronecker angeipigia makofi: "Tumia pai = 22/7." Nusu kipenyo daima ni 7, 14, 21 au 35, ili saba zikatwe na jibu litoke safi. Arkimedi alijua kuwa 22/7 imezidi kidogo. Kwenye duara lenye kipenyo cha kilomita moja unakosea mita moja na robo hivi. Sina ugomvi na sehemu hiyo, ni nzuri. Ugomvi wangu ni kwamba mtoto anaambiwa pai ni 22/7, halafu baada ya likizo moja, kwa lugha nyingine, anaambiwa pai si sehemu yoyote ile, na katikati ya sentensi hizo mbili hapana daraja.

Jina nalo halimsaidii. Descartes alipotenganisha mwaka 1637 majibu ya milinganyo yaliyo ya kweli na yale ya kuwazika tu, alikuwa anatofautisha mafungu mawili ya majibu. Hakuwa anatoa cheti cha ubora. Sisi tulipofasiri tukaweka "halisi", neno zito kuliko la asili, linalonuka ukweli na uhalali. Hisabati ya sekondari ikija kufundishwa kwa Kiswahili siku moja, kama inavyozungumzwa kila baada ya miaka michache, neno hilo litakuwa ukurasa wa mwanzo mwanzo, na atahitajika mtu wa kuandika aya moja chini yake.